Nani alikuwa mwimbaji bora wa dansi wa miaka ya 80? Kwanza tujue tunabishania nini

Ukitaka kuvuruga kikao cha watu waliovuka miaka hamsini Dar es Salaam, Morogoro au Tanga, uliza nani alikuwa mwimbaji bora wa dansi wa miaka ya 80. Mmoja atasema Hassan Bitchuka na hatataka kusikia jina jingine. Wa pili atasema Marijani Rajab, "Jabali la Muziki", na kukuuliza kama una akili timamu. Wa tatu atamtaja Gurumo huku akishangaa kwa nini swali hilo linaulizwa kabisa. Akiwepo mtu aliyekulia Iringa, ataleta mapacha wa bendi ya Tancut Almasi. Kijana aliyezijua nyimbo hizi kwenye vipindi vya zilipendwa ataongeza Mbaraka Mwinshehe, na hapo mambo yanazidi kuharibika, maana Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979.

Ubishi huu huamka kila mkongwe mmoja anapotutoka. Uliwaka Aprili 2014 alipofariki Muhidin Maalim Gurumo, ukawaka tena Julai 2017 alipofariki Shaaban Dede. Kila mara watu hutaja majina, hupandisha sauti, kisha huachana bila kukubaliana. Naona kinachowagawa ni maswali zaidi kuliko masikio. Mmoja anazungumzia uzuri wa koo. Mwingine anazungumzia utunzi, wa tatu anazungumzia bendi aliyoipenda ujanani, na wa nne anazungumzia wimbo uliopigwa siku ya harusi yake. Wote wanatumia maneno yaleyale, "mwimbaji bora", na kila mmoja anajibu swali lake.

Tuanze na mipaka. Dansi ninayoisema ni muziki wa bendi: magitaa ya solo, rithimu na besi, tumba na drams, tarumbeta na saksafoni, na waimbaji kadhaa mbele, unaopigwa ukumbini watu wacheze. Taarabu nimeiweka kando kwa sasa, nitaigusa baadaye. Miaka ya 80 kwa kalenda ni 1980 hadi 1989, lakini kwa dansi la Tanzania muongo huo ulianza mapema kidogo, mwaka 1978, Gurumo na wenzake walipoondoka Juwata Jazz na kwenda kuanzisha Mlimani Park Orchestra, wale tunaowaita Sikinde. Kuanzia hapo mji ukawa na kambi mbili, Msondo, yaani hao Juwata, na Sikinde. Muongo ukaishia karibu na mwaka 1990, alipofariki Hemed Maneti wa Vijana Jazz, wakati mashirika ya umma yaliyokuwa yakilisha bendi nayo yameanza kuishiwa pumzi.

Neno linalotuponza zaidi ni "mwimbaji". Leo mwimbaji ni mtu mmoja mwenye jina lake, picha yake na nyimbo zake. Mpiga kinanda wala mpiga gitaa hatuwajui. Enzi zile bendi ilisimamisha mbele waimbaji wanne, watano, pengine zaidi, na kila mmoja alikuwa na kazi yake. Sikinde ya mwanzoni mwa miaka ya 80 ilikuwa na Gurumo, Bitchuka, Cosmas Chidumule na Hamisi Juma kwa wakati mmoja. Ukisema "Sikinde waliimba vizuri", unamsifu nani hasa kati yao?

Chukua wimbo wowote wa Sikinde au Msondo wa wakati ule uusikilize taratibu. Unaanza na gitaa la solo likifungua mlango, kisha vyombo vya kupuliza vinaingia na kipande chao kifupi. Ndipo sauti zinapokuja, na mara nyingi zinakuja mbili au tatu kwa pamoja. Sauti ya kwanza inabeba wimbo wenyewe. Ya pili inaenda nayo sambamba, juu au chini yake kidogo, bila kuipita wala kuigusa. Ya tatu inajaza nafasi iliyobaki. Sehemu hii ni ya polepole na ndiyo inayosimulia kisa: mke aliyeondoka, ndugu waliogeuka, rafiki aliyekula fedha za mwenzake. Katikati yake kiongozi anaachiwa peke yake mistari miwili mitatu, wenzake wananyamaza, kisha wanarudi. Baada ya hapo mwendo unabadilika. Inaingia ile sehemu ya kasi ambayo wanamuziki huiita chemko: kiitikio kifupi kinarudiwa na kurudiwa, magitaa yanajibizana, vyombo vya kupuliza vinakata hewa, na mwimbaji anayetakiwa sasa ni mwingine kabisa, yule mwenye pumzi na mbwembwe za kuamsha ukumbi.

Kwa hiyo wimbo mmoja wa dakika saba unaweza kubebwa na watu wanne, na anayebaki kichwani mwako si lazima awe ndiye aliyefanya kazi kubwa. Huenda ni yule wa chemko. Huenda ni yule aliyeachiwa mistari miwili. Yule aliyeimba sauti ya pili wimbo mzima, ambaye bila yeye ungesikika mtupu, jina lake hulijui. Ni kama mpira: mfungaji anabebwa mabegani, aliyepiga krosi anarudi nyumbani kwa daladala.

Kwa nini basi mwenye sauti nzuri hakujitenga akawa msanii wa peke yake? Jibu ni ala. Gitaa, amplifaya, maikrofoni na vipaza sauti vilitoka nje kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni katika miaka ile ya foleni za sukari na sabuni zilikuwa shida hata kwa serikali. Wenye ala walikuwa mashirika, jumuiya na majeshi. Msondo ilianza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, mali ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika jina nayo ikabadilika: Juwata, baadaye OTTU. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, UDA Jazz ya shirika la mabasi, Tancut Almasi ya kiwanda cha kukata almasi kule Iringa. Polisi, JKT na Magereza nao walikuwa na bendi zao. Mlimani Park yenyewe ilianzia kwenye shirika la usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam.

Katika bendi hizo mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Alipokea mshahara, alikuwa na bosi, na akiondoka aliacha ala, sare na nyimbo. Hilo la nyimbo ndilo limezaa mkanganyiko mkubwa. Mwimbaji akihamia bendi nyingine, wimbo wake ulibaki kwenye bendi ya kwanza, na wiki ileile mwingine angepewa aimbe nafasi yake ukumbini, akijitahidi kumfanana, maana mashabiki walitaka wimbo wao kama walivyouzoea. Na walihama kwelikweli. Bitchuka na Dede wamepita Msondo na wamepita Sikinde. Dede alikaa pia Bima Lee. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye bendi ya Safari Sound, aliwachota wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park kwa mpigo, Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar wakiwemo, akaunda International Orchestra Safari Sound, "Ndekule". Mtu aliyemsikia Gurumo akiwa Juwata, aliyemsikia Sikinde na aliyemsikia Ndekule wanaweza kukaa meza moja wakabishana kama wanazungumzia watu watatu.

Sasa kuna suala la mtunzi, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Tunadhani aliyeimba ndiye aliyetunga. Mara nyingi ni kweli, maana kwenye dansi aliyeleta maneno na sauti ya wimbo mara nyingi alipewa aongoze. Lakini si sheria. Chukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi ya Nairobi iliyoundwa mwishoni mwa 1978 na wanamuziki ambao wengi walikuwa Watanzania. Watu wengi humpa John Ngereza wimbo ule, kwa sababu alibaki uso wa bendi hadi alipofariki mwaka 1999. Aliyeutunga ni Omari Shabani, mpiga gitaa la rithimu, lile gitaa lisilonyamaza chini ya wimbo mzima. Na mmoja wa walioupa sauti ni Issa Juma, ambaye hakukaa sana akaenda kuunda Super Wanyika yake. Ukiupenda wimbo huu ukasema "Ngereza ndiye bora", huenda unachokipenda ni mistari ya Shabani ikitoka kwenye koo la Issa Juma.

Kuna pia mtu wa nne ambaye hatajwi kabisa kwenye ubishi wa waimbaji, kwa kuwa hakuimba. Sikinde walikuwa na Michael Enoch, mkongwe aliyetokea Dar es Salaam Jazz, gwiji wa gitaa aliyegeukia saksafoni. Mtunzi alileta wimbo, Enoch akasaidia kuupanga: vyombo vya kupuliza viingie wapi, sauti zinyamaze wapi, chemko lianze lini. Nafasi ile mwimbaji anayoachiwa peke yake na kutushika roho, mtu aliipanga. Ndiyo maana ninapoambiwa kwamba fulani "aliimba vizuri zaidi alipokuwa Sikinde", hujiuliza kama ni koo lake lililobadilika au ni mpangaji.

Turudi kwenye masikio yetu, maana nayo si ya kuaminiwa sana. Hakuna aliyesikia miaka ya 80 moja kwa moja isipokuwa waliokuwa ukumbini, pale DDC Kariakoo, Amana, Vijana Kinondoni au White House Ubungo. Sisi wengine tulisikia Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa bara redio ilikuwa hiyohiyo moja mpaka miaka ya 90 zilipoanza kuruhusiwa redio za watu binafsi. RTD ilikuwa ndiyo studio, ndiyo maktaba, ndiyo mchujo. Bendi ilipeleka maneno ya nyimbo zake yakaguliwe, yakipita ikaitwa kurekodi. Bendi nzima ilipiga kwa pamoja, waimbaji na vyombo, moja kwa moja kwenye kanda. Mpiga tarumbeta akikosea dakika ya sita, wote mnarudi mwanzo. Hakukuwa na kurekodi sauti leo na gitaa kesho, wala kurekebisha noti iliyoteleza.

Wapo wanaolichukua hilo kama ushahidi wa mwisho: wa zamani waliimba kwa koo, wa leo wanaimba kwa kompyuta, kesi imekwisha. Ni nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba unachosikia kwenye kanda ya RTD kilitoka kooni kwa mtu bila kusuguliwa. Lakini kurekodi kwa mkupuo mmoja kulimsaidia mwenye sauti ya kupenya, nyembamba na kali, na kulimwonea mwenye sauti nzito na laini, ambaye angemezwa na tarumbeta. Nashawishika kwamba ndiyo sababu mojawapo inayofanya orodha zetu zijae sauti za juu. Waliokuwa wakiimba chini hawakuwa wabaya, hawakusikika tu.

Baada ya redio ikaja kanda ya kaseti. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Aliyetaka sahani ilibidi afike Nairobi, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu 1977 hadi 1983. Hivyo nyimbo zilizosambaa mitaani zilikuwa kanda zilizorekodiwa kutoka redioni, zikanakiliwa dukani, zikanakiliwa tena nyumbani kwa shemeji. Mwanamuziki hakupata hata senti, na sisi tukapata sauti isiyo yake. Redio kaseti yenye mkanda wa mpira uliolegea huenda polepole, na yenye mota iliyochangamka huenda mbio. Kanda ikikimbia kwa asilimia 6 hivi, sauti hupanda nusu toni. Nakili mara tatu kwenye mashine tatu zenye makosa yanayofanana, na mwimbaji wa kawaida anageuka mwenye sauti ya ajabu. Nyimbo nyingi zinazozunguka mtandaoni leo zimetoka kwenye kanda za namna hiyo. Tafuta wimbo mmoja wa Dar International, bendi ya Marijani, uliopandishwa na watu wawili tofauti, uusikilize mmoja baada ya mwingine: yawezekana kabisa ukakuta Marijani wawili, mmoja kijana wa miaka kumi na nane na mmoja mzee.

Kutokana na hayo yote, anayekuambia fulani "aliuza zaidi" anatunga. Hakukuwa na hesabu ya mauzo inayoaminika, kwa sababu bidhaa yenyewe karibu yote iliuzwa na watu wasiohusika. Tuzo nazo hazisaidii. Tuzo za muziki tunazozijua sasa zilianza mwaka 1999. Tulichokuwa nacho ni kadi za salamu na maombi ya nyimbo redioni, na milango ya kumbi.

Niguse mambo kadhaa yanayorudiwa sana kwenye ubishi huu.

La Mbaraka nimeshalitaja. Hakuimba hata siku moja katika miaka ya 80, lakini redio iliendelea kumpiga miaka hiyo yote, na aliyezaliwa 1972 anamkumbuka kama sauti ya utoto wake wa 1982. Kumbukumbu yake ni ya kweli. Ila muongo unaokumbukwa na muongo uliorekodiwa ni vitu viwili. Marijani naye amekatwa katikati na kalenda: "Georgina" aliimba na Safari Trippers katika miaka ya 70, "Zuwena" ni ya Dar International iliyokuja baadaye. Anayempa Marijani miaka ya 80 aseme anampa kwa nyimbo zipi.

Lingine ni kwamba Wakongo ndio waliotufundisha kuimba. Wanamuziki kutoka Zaire walikuja kwa wingi katika miaka ya 70, Orchestra Maquis wakaweka maskani Dar, Makassy naye akaja na bendi yake. Walileta namna tamu ya kupanga sauti za juu, na mavazi, na majigambo. Lakini NUTA Jazz ilikuwa inaimba tangu 1964, na Dar es Salaam Jazz na Morogoro Jazz ni wakubwa kwake. Halafu tazama upande wa pili wa mkeka. Maquis walitokea pande za Lubumbashi, ambako Kiswahili ni lugha ya mtaani, na walipokaa Dar waliimba zaidi na zaidi kwa Kiswahili na wakajifunza kusimulia kisa kama wenyeji. Wale mapacha, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa, waliotoka Zaire, walikuja kung'ara na Tancut Almasi mwishoni mwa miaka ya 80. Sikiliza "Nimemkaribisha Nyoka". Upangaji wa sauti umetoka magharibi, kisa ni cha baraza ya uswahilini.

Remmy Ongala anahitaji aya yake. Alizaliwa Kindu mwaka 1947, akaja Dar mwaka 1978 kujiunga na Makassy, baadaye akaongoza Super Matimila. Mwaka 1988 alizunguka Ulaya na tamasha la WOMAD, na mwaka uliofuata albamu yake ikatolewa na Real World, kampuni ya muziki ya Uingereza. Ndiyo maana mtu wa London au Stockholm ukimuuliza kuhusu dansi la Tanzania la wakati ule atamtaja Remmy kwanza, pengine Remmy peke yake. Je, alikuwa mwimbaji bora? Kwa koo, hapana, na sidhani kama yeye mwenyewe alidai hivyo. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, na mara nyingi alikuwa anazungumza kuliko kuimba. Lakini "Kifo" ukiupa mtu mwenye sauti nyororo unakufa papo hapo. Remmy alihubiri, alilia, alibishana na mauti mbele ya watu, na mtaa wa Sinza aliokuwa akiishi ukaitwa "kwa Remmy" mpaka leo. Kumweka kwenye mizani moja na Bitchuka ni kumwonea kila mmoja kwa zamu.

Halafu wanawake. Orodha karibu zote ni za wanaume, na watu hudhani wanawake hawakuimba. Kwenye dansi walikuwa wachache kweli. Kazi ya usiku kucha ukumbini, safari za mikoani kwenye lori na maneno ya watu viliwazuia wengi. Aliyebaki kwenye kumbukumbu ni Kida Waziri wa Vijana Jazz, aliyepokezana na Maneti, na nyimbo walizoimba pamoja zinakufanya uione bendi ikisimama tofauti, mwanamke anajibu badala ya kulalamikiwa. Ukitaka wanawake walioimba miaka hiyo, vuka upande wa taarabu: Shakila wa Tanga, Malika na Zuhura Swaleh wa Mombasa. Mtu anayesema "mwimbaji bora wa miaka ya 80" bila kutaja neno dansi, kisha orodha yake ikose Shakila, hajakosea kwa ladha. Amekosea kwa swali.

Vijana wengi nao walimjua Gurumo mwaka 2013, Diamond Platnumz alipompa gari baada ya kutangaza kustaafu. Si vibaya. Lakini waliomjua hivyo humweka juu kwa heshima ya uzee, na yeye hakuhitaji kubebwa. Nusu karne jukwaani, mwasisi wa NUTA Jazz, mwasisi wa Sikinde, nguzo ya Ndekule, kisha akarudi Msondo. Hakuna aliyezijenga bendi nyingi kubwa kama yeye. Sauti yake haikuwa ya asali. Ilikuwa ya mjomba anayekusuta mbele ya ukoo ukashindwa kujibu. Kama swali ni nani aliyekuwa mtu muhimu zaidi kwenye uimbaji wa dansi, sioni wa kushindana naye.

Kwa hiyo mkibishana tena, gawanyeni kwanza. Anayetafuta msimuliaji, ambaye maneno yake unaweza kuyaandika yote kwa kusikia mara moja, nitampeleka kwa Marijani. Matamshi yake yalikuwa safi, hakumeza hata silabi, na alijua kuuchelewesha mstari ukasubiri habari. Anayetaka kulizwa aende kwa TX Moshi William wa Juwata, akaanze na "Ajali". Anayependa sauti mbili zilizoshikana mpaka huoni mshono, mapacha wa Kyanga wanatosha. Chidumule, kabla hajahamia nyimbo za injili, alikuwa na wepesi wa kupanda juu ambao wengi waliigiza. Dede alikuwa fundi aliyetulia, ukimweka kwenye bendi yoyote haipungui kitu, na labda ndiyo sababu watu walimchelewesha kwenye sifa. Maneti alikuwa na ukarimu ambao siwezi kuupima: aliimba kama anayekukaribisha ndani.

Kwa koo lenyewe, ukiondoa utunzi, uongozi, sifa za Ulaya na bendi, kura yangu ni ya Bitchuka. Wapo waliopanda juu kama yeye, lakini wengi wakifika kule sauti inachongoka inakuwa sindano. Yake ilibaki ya mviringo, na aliweza kuishusha kwa mstari mmoja bila kuipoteza. Kipimo changu ni rahisi: mchukue mwimbaji umtoe kwenye bendi moja umpeleke kwa mahasimu wake, wenye mpangaji mwingine na tarumbeta nyingine, uone kama utamtambua kabla hajamaliza neno la kwanza. Bitchuka alihamahama kati ya Msondo na Sikinde, na kote huko hukuhitaji mtangazaji akuambie ni nani. Gurumo pia anapita kipimo hiki, lakini unamtambua kwa namna anavyosema. Bitchuka unamtambua kwa sauti tu, hata kabla maneno hayajaeleweka.

Mtu wa Msondo anayetaka kunipinga namkaribisha. Aje na wimbo, aseme ni mwaka gani, nani ameimba sauti ya kwanza na nani ametunga. Na ahakikishe kanda yake haikimbii.